Mtoto Akivuka Mpaka na Wazazi Wake, Hujifunza Nini Hasa?

Kila zinapokaribia likizo za Juni na Desemba, wazazi wengi wa Dodoma hurudia mjadala ule ule. Ikiwa imepatikana akiba kidogo, je, itumike kuwapeleka watoto kwa bibi na babu, au familia ijitahidi safari hii kuvuka mpaka ili watoto waone nchi nyingine? Wapo wanaoamini kwamba mtoto aliyefika Nairobi, Kigali au Dubai amepata elimu ambayo darasa haliwezi kumpa. Wapo pia wanaoona kwamba hayo ni matumizi ya fahari, na kwamba mtoto hurudi na picha nyingi kwenye simu ya baba yake na majivuno mapya mbele ya wenzake. Pande zote mbili zina mifano ya kutosha, kwa sababu safari ile ile humfungua macho mtoto mmoja na kumwacha mwingine kama alivyoondoka, na tofauti hiyo mara nyingi haitokani na umbali wala gharama.

Ninaloliona mimi ni kwamba safari yenyewe haifundishi. Kinachomfundisha mtoto ni mambo mawili yakikutana: kuwa mgeni mahali ambapo mazoea yake hayamsaidii, na kuwa karibu na mtu mzima anayemwamini, anayemwezesha kuelewa anachokiona. Mwanasaikolojia wa Kirusi Lev Vygotsky, aliyeishi kati ya mwaka 1896 na 1934, alieleza kwamba mtoto hukua kiakili pale anapokabiliana na jambo lililo mbele kidogo ya uwezo wake, jambo asiloliweza peke yake lakini analiweza akisaidiwa na anayejua zaidi. Nchi ya ugenini humweka mtoto katika hali hiyo tangu anapoamka hadi anapolala. Wahenga walisema kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na sisi tumezoea kuitumia methali hiyo kama onyo. Safari ya familia ni mojawapo ya nafasi chache ambapo mama na ulimwengu humfunza mtoto kwa wakati mmoja, na ndiyo sababu haifai kuipoteza kwa kumfungia mtoto hotelini na kishikwambi mkononi.

Masomo huanza kabla ya kufunga mizigo

Mtoto wa Kitanzania hapati pasipoti bila cheti cha kuzaliwa, kile kinachotolewa na RITA, wakala wa serikali wa usajili, na bila uthibitisho wa uraia wa mzazi. Wazazi wengi hushughulikia nyaraka hizo wakiwa ofisini au usiku watoto wakiwa wamelala, kumbe hapo ndipo mahali pazuri pa kuanzia. Mtoto wa darasa la nne au la tano akae mezani na wazazi wake, asome jina lake lilivyoandikwa kwenye cheti, alilinganishe na lilivyoandikwa kwenye fomu ya maombi, na aelezwe kwa nini herufi moja iliyozidi inaweza kusimamisha safari ya watu watano. Mtoto anayeimba wimbo wa taifa kila wiki shuleni anajua kwamba yeye ni Mtanzania, lakini ni pale anaposhika pasipoti ya kielektroniki, ambayo nchi yetu ilianza kuitoa mwaka 2018, ikiwa na jina la Jumuiya ya Afrika Mashariki juu ya jina la nchi yake, anapoanza kuuliza uraia ni nini na nani huutoa.

Chanjo ya homa ya manjano nayo ina somo lake. Kwa mujibu wa kanuni za afya za kimataifa, cheti cha chanjo hiyo huanza kutambuliwa siku 10 baada ya mtu kuchanjwa, na tangu Julai 2016 hudumu maisha yote. Nchi kama Uganda hukidai mpakani. Mtoto akielezwa kwamba huwezi kuchanjwa asubuhi na kusafiri jioni, anaelewa kwa nini watu wazima hupanga mambo mapema.

Fedha ndilo somo ambalo wazazi wengi hulikwepa, nalo lina utajiri kuliko yote ya maandalizi. Tumezoea kuwaficha watoto hesabu za nyumbani, tukidhani tunawalinda. Familia inayopanga safari inaweza kumwonyesha mtoto bajeti nzima bila kumtia hofu: nauli, malazi, chakula, na fedha ya dharura isiyoguswa. Kisha ajifunze kubadilisha fedha. Katika miaka ya karibuni shilingi moja ya Kenya imekuwa ikibadilishwa kwa karibu shilingi 20 za Tanzania. Tuseme mtoto ameona chupa ya maji dukani Nairobi ikiuzwa shilingi 60. Wazo la kwanza litakalomjia ni kwamba Kenya vitu ni vya bure, kwa kuwa Dodoma shilingi 60 hainunui kitu. Akizidisha kwa 20 anapata 1,200, na hapo uso unabadilika. Amegundua mwenyewe kwamba ukubwa wa tarakimu kwenye noti haupimi utajiri wa mtu wala wa nchi, na kwamba bei haina maana mpaka uilinganishe na kitu kingine. Mwalimu wa hisabati anaweza kulifundisha jambo hilo ubaoni muhula mzima bila kupata mshtuko ule wa dukani.

Somo hilo linaweza kwenda mbali zaidi. Kwenye duka la kubadilishia fedha mtoto ataona bei mbili ubaoni, ya kununua na ya kuuza, na atauliza kwa nini hazilingani. Mzazi amweleze kwamba tofauti hiyo ndiyo riziki ya mwenye duka. Amweleze pia kwa nini hawabadilishi fedha kwa vijana wanaokimbilia mabasi mpakani, hata kama bei wanayoitangaza inavutia. Mtoto akipewa kiasi kidogo cha fedha yake mwenyewe ya safari nzima, aachwe akitumie. Akikimaliza siku ya kwanza, asiongezewe. Najua jambo hili ni gumu kwa mzazi, hasa mtoto anapolia mbele ya watu, lakini siku tatu za kutamani juisi ambayo hawezi kuinunua zitamkaa kuliko mahubiri kuhusu akiba.

Mstari uliochorwa na watu

Kutoka Dodoma hadi Nairobi kwa kupitia Kondoa, Babati, Arusha na Namanga ni takriban kilomita 700, na mtoto anayetazama nje ya dirisha ataona ardhi ikibadilika polepole kutoka kwenye vichaka vya mibuyu na migunga vya Ugogo hadi nyanda za malisho za Wamasai. Atakapofika Namanga atategemea kuona kitu kikubwa kinachotenganisha nchi mbili, mto au ukuta. Hakipo. Wamasai wanaishi upande huu na upande ule, wanazungumza lugha moja na wana ng'ombe wanaofanana. Mstari unaopita hapo una asili yake katika makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886, yaliyochora mpaka kutoka mdomo wa Mto Umba pwani hadi Ziwa Viktoria, ukikata kona ili Mlima Kilimanjaro ubaki upande wa Wajerumani. Hakuna Mmasai aliyeulizwa.

Hapo mtoto anajifunza jambo ambalo watu wazima wengi hawajalitafakari: mipaka imetengenezwa na watu, kwa sababu zao, katika tarehe inayojulikana. Papo hapo anajifunza kwamba kitu kilichotengenezwa na watu bado kina nguvu. Lazima apange foleni, asipige picha maofisa na majengo ya mpakani, na ajibu anachoulizwa. Maofisa wa nchi zote mbili hufanya kazi katika kituo kimoja cha pamoja, na mara nyingi ofisa humuuliza mtoto mwenyewe jina lake na anaokwenda nao, kwa sababu ni wajibu wake kuhakikisha kwamba mtoto hasafirishwi kinyume cha sheria. Mzazi asimjibie. Mtoto aliyejibu maswali ya ofisa wa uhamiaji kwa sauti yake mwenyewe amepiga hatua, na amejua pia kwamba kuulizwa si kutuhumiwa. Kwa sababu hiyo hiyo, mzazi anayesafiri na mtoto bila mwenzake afanye vyema kubeba barua ya ridhaa, na amweleze mtoto kwamba barua hiyo ni ulinzi wake.

Njia ya Rusumo, kwenye mpaka wa Tanzania na Rwanda, ina mafunzo ya aina nyingine. Watoto wa Dodoma wanayajua malori yaendayo Rwanda, Burundi na Kongo kwa sababu yanapita karibu nao kila siku kuelekea Singida, Nzega na Kahama. Mtoto anayeyafuata malori hayo hadi kwenye daraja la Mto Kagera ataona jambo la ajabu: magari yanahama upande wa barabara, kwa sababu Tanzania huendesha kushoto na Rwanda huendesha kulia. Kisha ataambiwa arudishe saa yake nyuma kwa saa moja. Anaweza kubisha, na abishe, kwa maana swali lake ni zuri: jua ni lile lile, inakuwaje saa zibadilike? Mzazi mwenye chungwa na tochi anaweza kumwonyesha jioni ile ile kwamba kadiri unavyokwenda magharibi ndivyo jua linavyochelewa kukuchea, na kwamba watu walikubaliana kuigawa dunia katika kanda za saa ili kazi zao ziende. Sheria za barabarani na saa ni makubaliano ya namna hiyo, na ni vizuri mtoto ajue kwamba watu wengine walikubaliana tofauti na sisi bila kuwa wamekosea.

Kulinganisha bila kudharau

Kila mtoto akifika ugenini hulinganisha, na hakuna haja ya kumkataza. Hatari iko katika njia mbili ambazo ulinganisho huweza kupotea. Ya kwanza ni kudharau kwao, pale mtoto anaporudi akisema kwamba Kigali ni safi na Dodoma ni vumbi, akaishia hapo. Ya pili ni kudharau wenyeji, pale anapoona kwamba kila kisichofanana na cha nyumbani ni cha kuchekwa. Dawa ya zote mbili ni swali moja ambalo mzazi hapaswi kuchoka kuliuliza: kwa nini?

Tukibaki kwenye mfano wa usafi, Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya ikafuata Agosti 2017, na Tanzania tarehe 1 Juni 2019. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi Wanyarwanda hufanya Umuganda, kazi ya pamoja ya kusafisha na kujenga mitaa yao, na zaidi ya hapo wapo wafagiaji wanaolipwa. Mtoto akiyajua hayo, usafi unaacha kuwa tabia ya kuzaliwa nayo ya watu fulani na unakuwa matokeo ya sheria, kazi na muda. Tena anaweza kukumbuka kwamba hata kwetu Jumamosi ya mwisho wa mwezi imetangazwa kuwa siku ya usafi, naye akauliza kwa nini mtaani kwake baadhi ya watu hutoka na mafagio na wengine hawatoki. Swali hilo ni la raia. Kuhusu vumbi, aelezwe pia kwamba Dodoma hupata mvua chache, nyingi zikinyesha kati ya Desemba na Aprili, na kwamba mji ulio nusu jangwa haupimwi kwa mizani ya mji wa milima yenye mvua.

Yapo mambo mazito zaidi ambayo ulinganisho wa juu juu huyafunika. Mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa siku moja hivi, watu zaidi ya 200,000 walivuka daraja lile lile la Rusumo kuingia Ngara wakikimbia mauaji na vita. Kijana wa sekondari anayevuka hapo na wazazi wake anastahili kuambiwa hivyo akiwa amesimama mahali penyewe, na anaweza kupelekwa kwenye kumbukumbu ya mauaji ya kimbari iliyopo Gisozi, Kigali. Mtoto wa miaka sita asipelekwe. Anaweza kuambiwa tu kwamba zamani watu hapa walichukiana sana, wengi wakafa, na sasa wanajitahidi kuishi pamoja. Kumwambia ukweli kwa kipimo cha umri wake si kumdanganya.

Mzazi asiyejua na mtoto anayemtazama

Somo ninalolithamini kuliko yote halimo kwenye orodha za vivutio. Nyumbani mzazi ndiye mwenye majibu. Anajua daladala la kwenda Majengo, anajua duka lenye sukari ya bei nafuu, anajua wa kumwona mambo yakikwama. Ugenini mtoto humwona baba yake akisimama kwenye foleni bila kujua dirisha ni lipi, na mama yake akimuuliza njia kijana aliye mdogo kuliko yeye, akielekezwa vibaya, akarudi kuuliza tena. Kwa mtoto tukio hili ni zito. Kwa mara ya kwanza anashuhudia jinsi mtu mzima anavyofanya akiwa hajui.

Wazazi wengi huona aibu katika hali hiyo, nao hukasirika au hujifanya wanajua, na familia ikazunguka saa mbili mjini kwa sababu mtu hakutaka kuuliza. Mtoto hujifunza hilo pia, kwa bahati mbaya. Lakini mzazi anayesema waziwazi, "Mwanangu, hapa sipajui, tumsalimie yule mzee tumuulize," anampa mtoto kitu atakachokitumia siku ya kwanza ya shule ya bweni, siku ya kwanza ya chuo, siku ya kwanza ya kazi. Anamwonyesha kwamba kutojua kunavumilika na kwamba huanza kutatuliwa kwa salamu.

Hata salamu yenyewe inaweza kumshangaza. Mtoto aliyelelewa vizuri Dodoma atamwamkia shikamoo mtu mzima wa Nairobi, naye huenda akatabasamu tu au akampa mkono bila kuitikia marahaba. Asidhani kwamba amedharauliwa, wala wazazi wasiseme mbele yake kwamba watu wale hawana adabu. Heshima ipo, imevaa vazi jingine. Baada ya siku chache mtoto ataanza kuiona: namna vijana wanavyompisha mzee kwenye basi, namna mgeni anavyowekewa chakula kwanza.

Kukaa kwa ndugu au marafiki hufundisha mambo hayo kuliko hoteli, na ni nafuu pia. Mtoto anayelala nyumbani kwa shangazi yake aliyeolewa Lusaka anajifunza saa za kula za pale, ratiba ya maji, sala kabla ya kulala, na kwamba uji wa asubuhi unaweza kuwa na ladha asiyoizoea na bado ukanyweka. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe: aoshe vyombo na binamu zake, aende nao dukani, abebe kapu. Mtoto anayehudumiwa safari nzima hubaki mtazamaji, na mtazamaji husahau haraka.

Jambo hili lina uzito wa pekee hapa kwetu. Tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kasi baada ya mwaka 2016, madarasa yetu yamepokea watoto kutoka Dar es Salaam, Mwanza, Mbeya na kwingineko, wengine wakiwa na lafudhi zinazochekwa na wenzao. Mtoto aliyewahi kuwa yule asiyejua choo kiko wapi, asiyeelewa utani wa wenzake, anayekula chakula kigeni huku wote wanamtazama, ana sababu ya kumsogelea mwanafunzi mpya. Wazazi wamsaidie kuunganisha mambo hayo mawili, kwa sababu mara nyingi mtoto hawezi kuyaunganisha peke yake.

Umri, gharama na kinachoharibu

Watu wazima wengi hawakumbuki matukio ya kabla ya miaka mitatu au minne ya maisha yao, kwa hiyo mzazi wa mtoto mchanga asijilaumu kwa kungoja. Umri wa kati ya miaka saba na kumi na miwili ndio naona unafaa zaidi, kwa kuwa mtoto anajua kusoma, anajua hesabu, na bado anauliza bila kuona haya. Kijana wa miaka kumi na tano anahitaji majukumu badala ya maelezo: apange njia, atunze tiketi, aongoze familia siku moja nzima, na wazazi wamfuate hata akikosea mtaa.

Gharama isifichwe. Safari ya mkopo ambayo italipwa kwa ada ya muhula ujao haina somo zuri ndani yake. Familia isiyoweza kufika Kigali inaweza kufika Namanga au Tunduma, ikavuka kwa taratibu zote halali, ikala chakula cha mchana upande wa pili na kurudi, na mtoto akawa amepata pasipoti, foleni, fedha ngeni na maswali. Kinachoharibu safari ni mambo mengine kabisa: ratiba iliyojaa hadi mtoto hana muda wa kuuliza, simu inayopiga picha za kuwaonyesha majirani, ununuzi uliogeuka kuwa lengo, na mzazi anayesema "nyamaza, tutaongea nyumbani" kila mtoto anapoona jambo jipya.

Tena mtoto asiondoke bila kuijua kwao. Ugenini ataulizwa Dodoma ikoje, na wengi hugundua hapo kwamba hawana la kusema zaidi ya Bunge. Ajue kwamba uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi hapa ulifanywa mwaka 1973. Awe ameonja zabibu shambani na kusikia zeze la Kigogo likipigwa, na ikiwezekana awe amefika Kolo kuona michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Barabara ya kwenda Arusha inapita karibu na michoro hiyo, na familia inayoelekea Namanga inaweza kusimama hapo kwanza.

Kurudi nako kuna kazi yake, ingawa wengi hulala siku mbili na kusahau. Mtoto aandike barua kwa waliowapokea, ahesabu kilichobaki kwenye fedha yake, na asimulie darasani ikiwa mwalimu ataruhusu, akianza na jambo alilolielewa vibaya mwanzoni. Na wenyeji wale waalikwe kweli, kwa tarehe, si kwa maneno ya kuagana. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inafika Dodoma kutoka Dar es Salaam kwa saa chache, hivyo mgeni anayeshuka uwanja wa ndege wa pwani hana safari ndefu tena ya basi. Atakapokuja, mtoto ndiye apewe kazi ya kumpokea stesheni, kumweleza bei za sokoni kwa fedha ya kwao, na kumwambia mapema ni nani atakayetarajia shikamoo.